Mwalimu Msaidizi: Habari za Bill Dellinger, Mkimbiaji wa Oregon



Mkimbiaji hodari akiisha kushinda, watu humbeba mabegani, na jina lake hutajwa sokoni na barazani. Lakini miguu ya binadamu haina ahadi. Siku huja ambayo vijana humpita, naye huvua viatu vyake na kurudi nyumbani. Kikombe alichopewa huwekwa juu ya kabati, na yale yote aliyojifunza kwa miaka kumi ya jasho hukaa naye kimya mpaka akazikwa nayo. Hasara hiyo si yake peke yake. Ni hasara ya vijana wote wa mahali pake, ambao hawana budi kuanza tena mwanzo, kana kwamba hapana mtu aliyewahi kupita njia ile.

Mazungumzo haya yahusu mtu mmoja ambaye hakuikubali hasara hiyo. Jina lake ni Bill Dellinger, Mmarekani wa jimbo la Oregon, lililo upande wa magharibi wa Marekani, kando ya bahari ya Pasifiki. Alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu katika chuo kikuu, kisha akawa mwalimu msaidizi wa mbio katika chuo kile kile. Neno hilo "msaidizi" ndilo kiini cha habari hii, maana wako watu wengi hodari ambao wameshindwa kulibeba.

MBIO KATIKA MVUA

Watu wa Kenya wanayo sababu ya kuikumbuka Michezo ya Olimpiki iliyofanywa mjini Tokyo mwezi wa Oktoba, 1964. Nchi ilikuwa haijatimiza mwaka mmoja tangu kupata uhuru wake. Tarehe 16 ya mwezi ule Wilson Kiprugut alipata nishani ya shaba katika mbio za mita 800, nayo ilikuwa nishani ya kwanza ya Olimpiki kupatwa na Mkenya. Siku mbili baadaye, Kipchoge Keino alisimama kwenye mstari wa kuanzia mbio za mita 5,000, yaani maili tatu na zaidi kidogo. Katika mstari ule ule alisimama Dellinger, aliyekuwa na umri wa miaka 30.

Mvua ilikuwa ikinyesha, na kiwanja hakikuwa cha mpira kama viwanja vikubwa vya leo. Kililowa maji, na matope yakawarukia wakimbiaji miguuni. Ilipofika duru ya mwisho, Michel Jazy wa Ufaransa alichomoka akawaacha wenziwe nyuma. Watu wengi walidhani ya kuwa mambo yamekwisha. Lakini Bob Schul wa Marekani alimfuata hatua kwa hatua, akampita karibu na mwisho, akashinda. Harald Norpoth wa Ujerumani akawa wa pili. Hapo Jazy alikuwa ameishiwa na nguvu, na Dellinger alikuwa anakuja. Wale wawili walifika mwisho karibu pamoja hata saa zikawapa muda mmoja, dakika 13 na sekunde 49.8, lakini waamuzi waliona ya kuwa Dellinger ametangulia. Nishani ya shaba ikawa yake. Keino alikuwa wa tano, na muda wake ulikuwa dakika 13 na sekunde 50.4. Tangu mtu wa kwanza hata wa tano hazikupita sekunde mbili.

Mtu akitazama matokeo hayo bila kujua habari za nyuma, aweza kudhani ya kuwa Dellinger alipata bahati. Sivyo. Mbio zile zilikuwa za mtu aliyengoja miaka kumi.

MIAKA KUMI YA KUNGOJA

Dellinger alizaliwa mwaka 1934. Aliposoma katika Chuo Kikuu cha Oregon, mjini Eugene, mwalimu wake wa mbio alikuwa Bill Bowerman, mtu mkali mwenye akili nyingi, ambaye alikuwa akiwashonea wanafunzi wake viatu kwa mikono yake mwenyewe ili viwe vyepesi. Mwaka 1954 Dellinger alishinda mbio za maili moja katika mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani, na mwaka 1956 akashinda mbio za mita 5,000. Mwaka huo huo alichaguliwa kwenda Olimpiki mjini Melbourne, lakini hakupata nishani. Akachaguliwa tena mwaka 1960 kwenda Roma. Huko nako hakupata nishani.

Kati ya safari hizo mbili alitumikia jeshi la anga la nchi yake, akawekwa katika kituo cha mbali kwenye pwani ya jimbo la Washington. Huko alijizoeza peke yake juu ya mchanga wa ufuoni. Aliyekwisha kukimbia peke yake miezi mingi anajua ya kuwa adui wa mkimbiaji si mkimbiaji mwenziwe tu. Hakuna anayemwona akikata mbio katikati, wala hakuna anayemsifu akimaliza. Hapo ndipo mtu hujifunza kujipima bila kujidanganya, na elimu hiyo ilikuja kumfaa Dellinger alipokuwa mwalimu kuliko hata nishani yake.

Baada ya Roma alifanya kazi ya kufundisha shule. Umri ulikuwa unakwenda, na wengi wa rika lake walikuwa wamekwisha kuacha michezo. Yeye akarudi kiwanjani mara ya tatu, na mara hiyo ya tatu, katika mvua ya Tokyo, akapata alichokuwa akikitafuta.

KAZI YA MTU WA PILI

Sasa laja jambo ambalo ndilo sababu ya mazungumzo haya. Dellinger, mwenye nishani ya Olimpiki, hakutaka kuketi juu ya sifa zake. Miaka ya 1960 ilipokuwa ikielekea mwisho, alirudi katika Chuo Kikuu cha Oregon awe msaidizi wa Bowerman. Bowerman mwenyewe hakupata kukimbia katika Olimpiki. Basi yule aliyevaa nishani akawa chini ya yule asiyekuwa nayo, akishika saa na daftari, akisimama kando ya kiwanja asubuhi na jioni, siku ya jua na siku ya mvua. Na jimbo la Oregon lina mvua nyingi.

Watu wengi huona ya kuwa kuwa msaidizi ni kupunguzwa. Husema, "Mimi niliyekuwa wa kwanza, niwe wa pili?" Lakini tazama kazi yenyewe. Mwalimu mkuu wa michezo katika chuo kikuu huwa na watu wa kila namna: warukaji, watupa mkuki, wakimbiaji wa mbio fupi, wakimbiaji wa mbio ndefu. Hawezi kumjua kila mmoja kwa ukamilifu. Msaidizi ndiye anayemwona kijana anapochechemea kabla yeye mwenyewe hajakiri ya kuwa ameumia. Ndiye anayejua ya kuwa fulani hakulala usiku kwa sababu ya mitihani, na ya kuwa fulani amepata barua ya huzuni kutoka nyumbani. Mambo hayo hayaandikwi magazetini, lakini mtu akiyakosa, mazoezi yote huharibika.

Katika Oregon, Dellinger ndiye aliyewasimamia vijana wa mbio ndefu siku kwa siku. Na hakuwafundisha kwa kukisia. Kila jambo alilowaambia alikuwa amelipitia kwa miguu yake.

MAZOEZI YENYEWE

Yafaa kueleza jinsi mazoezi yao yalivyokuwa, kwa kuwa katika shule nyingi vijana bado huharibiwa na watu wenye bidii lakini wasio na maarifa.

Jambo la kwanza ni desturi ambayo Bowerman alijulikana nayo: siku ngumu, kisha siku nyepesi. Kijana akikimbizwa kwa nguvu leo, kesho hukimbia polepole, au hupumzika kabisa. Zamani walimu wengi walidhani ya kuwa mazoezi makali ya kila siku ndiyo yanayoleta ushindi. Kumbe mwili haupati nguvu wakati wa kuchoka. Wakati wa kuchoka hubomoka kidogo, nao hujijenga upya wakati wa kupumzika. Kila mkulima mwenye ng'ombe wa kulimia anajua jambo hili. Ng'ombe hafungwi plau tangu alfajiri hata magharibi siku zote saba. Akifungwa hivyo, kabla mvua hazijakwisha shamba litabaki nusu, na ng'ombe atakuwa amelala chini.

Jambo la pili ni zoezi lililopata sifa katika Oregon, lijulikanalo kama zoezi la thelathini na arobaini. Duru moja ya kiwanja ni mita 400. Mkimbiaji hukimbia nusu ya duru, yaani mita 200, kwa sekunde 30. Bila kusimama hukimbia mita 200 nyingine kwa sekunde 40. Kisha 30 tena, kisha 40 tena, akiendelea hivyo duru baada ya duru, mpaka ashindwe kuushika ule muda. Shida yake haimo katika zile sekunde 30. Imo katika zile 40, kwa sababu mkimbiaji anatakiwa kurudisha pumzi yake huku angali anakimbia.

Faida yake ni kubwa. Katika mashindano adui hachomoki wakati unaopenda wewe. Huchomoka wakati umechoka. Kijana asiyezoea mabadiliko hufuata mara moja, kisha pumzi humwishia asiweze kufuata tena. Yule aliyezoea zoezi lile huweza kufuata, akapumua, akafuata tena. Ndivyo alivyofanya Dellinger mwenyewe katika duru ya mwisho ya Tokyo. Kwa vijana wa shule, sekunde 30 na 40 ni kali mno. Lakini mwalimu aweza kuweka muda wa polepole zaidi kwa kadiri ya nguvu zao, na desturi ikabaki ile ile.

MWANAFUNZI MKAIDI

Mwaka 1969 aliingia chuoni kijana mmoja aitwaye Steve Prefontaine, mzaliwa wa Coos Bay, mji wa bandari katika jimbo hilo hilo. Alikuwa na mapafu ya ajabu na moyo usioogopa kitu, lakini alikuwa mkaidi. Hakupenda kukimbia nyuma ya mtu. Aliona ya kuwa kumngoja adui achoke, kisha kumpita mwishoni, ni ushindi wa mtu mwoga. Dellinger, ambaye nishani yake aliipata kwa kungoja, ndiye aliyekuwa na kazi ya kumfundisha kijana huyu kila siku.

Mwalimu wa namna nyingine angesema, "Fanya kama nilivyofanya mimi." Kosa hilo limewaharibu vijana wengi, kwa kuwa mtu aliyeshinda zamani hudhani ya kuwa njia yake ndiyo njia. Dellinger alimwacha Prefontaine awe Prefontaine, akamzidishia nguvu za kuongoza mbele, na kumzuia asijichome siku za mazoezi. Kijana yule alishinda mbio za maili tatu, au za mita 5,000, katika mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani kwa miaka minne mfululizo, tangu 1970 hata 1973.

Hata hivyo haikuwa furaha tupu. Tarehe 10 Septemba, 1972, katika Olimpiki ya Munich, Prefontaine alikimbia mita 5,000 na watu wakubwa kuliko yeye kwa umri na kwa maarifa. Mwanzo mbio zilikwenda polepole. Zilipobaki duru nne, kijana wa miaka 21 alichukua uongozi akaongeza mwendo, akajaribu kuwavunja wote. Hawakuvunjika. Lasse Virén wa Finland alishinda, Mohammed Gammoudi wa Tunisia akawa wa pili, na katika hatua za mwisho kabisa Ian Stewart wa Uingereza akampita Prefontaine na kumnyang'anya nishani ya shaba. Akawa wa nne. Dellinger alipata nishani kwa kumpita mtu karibu na mstari. Mwanafunzi wake aliikosa kwa kupitwa pale pale.

Mwalimu hujulikana baada ya siku kama ile. Prefontaine hakutupa viatu vyake. Mwaka uliofuata alishinda tena mashindano ya vyuo vikuu, kiwanjani na katika mbio za nyika. Alipomaliza masomo yake alibaki Eugene, akaendelea kufundishwa na Dellinger, na kufikia mwaka 1975 alishika rekodi zote za Marekani tangu mita 2,000 hata mita 10,000. Jioni ya tarehe 29 Mei, 1975, alishinda mbio za mita 5,000 mbele ya watu wa mji wake. Usiku ule ule, saa sita zikiwa zimepita, gari lake lilipinduka njiani, naye akafa. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Hapana mazoezi yanayomtayarisha mwalimu kwa jambo la namna hiyo. Lakini palikuwa na vijana wengine waliongoja kiwanjani, na kazi haikuachwa.

MTU WA TANO

Bowerman alistaafu mwaka 1973, na Dellinger akawa mwalimu mkuu. Alishika kazi hiyo hata mwaka 1998, miaka 25. Lakini mtu aliyepata kuwa wa pili hasahau thamani ya walio nyuma, na hilo laonekana vizuri katika mbio za nyika.

Katika mbio za nyika timu haishindi kwa mtu mmoja. Huhesabiwa nafasi za watu watano wa kwanza wa kila timu, zikajumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Tuseme timu moja ina watu waliokuwa wa 1, wa 2, wa 12, wa 20 na wa 30. Jumla yao ni 65. Timu nyingine ina watu waliokuwa wa 3, wa 5, wa 8, wa 10 na wa 14. Jumla yao ni 40. Timu hii ya pili imeshinda, ingawa haina mtu aliyefika wa kwanza wala wa pili. Basi yule mtu wa tano, ambaye hapigiwi makofi na yeyote, aweza kuwa ndiye aliyeleta ushindi.

Oregon ilishinda mashindano hayo ya vyuo vikuu vyote mwaka 1971, Dellinger alipokuwa msaidizi, kisha mwaka 1973, 1974 na 1977. Mwaka huo wa 1977 mtu aliyefika wa kwanza hakuwa wa Oregon. Alikuwa Mkenya, Henry Rono, aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Rono alishinda mbio, na vijana wa Dellinger wakashinda mashindano.

MBEGU NA MAVUNO

Miongoni mwa wanafunzi wa Dellinger alikuwamo Matt Centrowitz, kijana wa New York, ambaye mwaka 1982 aliweka rekodi ya Marekani ya mita 5,000. Miguu yake nayo ilichoka, kama inavyochoka ya watu wote. Yeye naye akawa mwalimu wa mbio katika chuo kikuu, mjini Washington. Mwanawe, aitwaye kwa jina lile lile la baba yake, alilelewa katika nyumba ya mkimbiaji na mwalimu, akaenda kusoma Oregon, na mwaka 2016 akashinda mbio za mita 1,500 katika Olimpiki ya Rio de Janeiro. Mmarekani hakuwa ameshinda mbio hizo tangu mwaka 1908. Nishani ile ilikuwa ya dhahabu, nayo ilitokea katika shamba ambalo Dellinger alikuwa mmoja wa waliolilima.

Katika Kenya wako watu wengi waliopata kukimbia vizuri. Wengine walikimbia katika shule, wengine katika jeshi au polisi, na wengine katika vyuo vya ng'ambo. Wengi wao leo wana mashamba yao na kazi zao, na nusu saa mbili tatu za jioni katika juma. Shule iliyo jirani huenda ina mwalimu wa michezo aliye peke yake, mwenye watoto mia na saa moja ya mkononi. Mtu wa namna hiyo hahitaji kupewa cheo. Aweza kwenda kwa mwalimu mkuu wa shule, akaeleza ya kuwa yuko tayari kusaidia, akachukua daftari, na kuandika ndani yake jina la kila kijana, tarehe, umbali aliokimbia na muda wake. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa na thamani kuliko kikombe kilicho juu ya kabati.

Naye akumbuke mambo matatu. Siku ngumu ifuatwe na siku nyepesi, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na safari hii guu litakalovunjika ni la mtoto wa mtu. Kijana asilazimishwe kukimbia kama mwalimu alivyokimbia. Na mtu wa tano asisahauliwe.

Bill Dellinger alifika wa tatu mjini Tokyo, na mbele yake walikuwako wawili. Jina lake lingeweza kuishia hapo, katika orodha ya matokeo, chini ya mengine. Halikuishia hapo, kwa sababu alikubali kurudi kiwanjani bila viatu vya mbio, akashika saa, akawangoja vijana wa watu wengine wafike mwisho.